Nywele za Sogo

Kwa miaka kumi na mmoja Mitsue Kurahashi alikuwa akizipaka wino mweusi nywele za mwanaume asiyependwa. Kusema hapendwi ni kumwonea kidogo. Sogo alipendwa na wasichana wa Japani nzima, waliomwandikia barua, wakamfumia soksi, na mmoja wa huko Akita akamtumia mfuko wa mchele kwa kuwa katika toleo la arobaini alimwona amekonda. Aliyekuwa hampendi ni mmoja tu, Nodoka, na kwa bahati mbaya hadithi ilikuwa ya Nodoka.

Hadithi hiyo ya katuni ilichorwa kila mwezi kwenye ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao huko Nerima, juu ya duka la dobi, na mwenye hadithi alikuwa Hinako Tsukuda. Kila mtu alimwita Mwalimu, Mitsue akiwemo. Zamani walikuwa Hinako na Mitsue tu, wasichana wa darasa moja la uchoraji waliopeleka kazi zao kwenye shindano moja la jarida moja. Hinako akapata tuzo ya kwanza. Mitsue akatajwa kwa mstari mmoja chini ya ukurasa: mandhari yake yana uhai, watu wake bado. Miaka miwili baadaye Hinako alimpigia simu, amezidiwa na kazi, akamwomba amsaidie kwa wiki moja tu. Asubuhi ya siku ya kwanza Mitsue alivua viatu mlangoni, akainama na kusema, "Mwalimu, naomba unielekeze." Hakuna aliyemwagiza aseme hivyo. Katika kazi ile mwenye hadithi ni mwalimu na anayemsaidia ni msaidizi, hata kama walinyonya ziwa moja. Wiki ile moja sasa ilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kazi waligawana hivi. Mwalimu alichora kurasa zote kwa penseli, kisha akawapitishia watu wake wino kwa mkono wake mwenyewe, macho na midomo kwanza. Mitsue alichora yaliyobaki: shule, nguzo za umeme, baiskeli zilizoegeshwa, mvua, maua ya msimu, madirisha ya treni. Palipotakiwa weusi mtupu Mwalimu aliweka alama ndogo ya mkasi kwa penseli ya buluu, na Mitsue akajaza. Uso haukuwa wake. Aliwahi kuchora nyuso za abiria mia mbili katika stesheni moja, lakini jicho la Nodoka hajaligusa maisha yake yote, na wala hakuna msaidizi mwenye adabu ambaye angelifikiria jambo hilo.

Kwenye kujaza huko ndiko alikoligundua jambo ambalo wachoraji wote wanalijua na wasomaji hawapendi kuambiwa. Katika penseli, Haruma, yule aliyependwa na Nodoka, na Sogo, asiyependwa, walikuwa mtu mmoja. Pua ile ile, mabega yale yale, kidevu kile kile chembamba. Nywele za Haruma ziliachwa nyeupe kama karatasi, nywele za Sogo zikapakwa wino, na hapo msomaji akajua moyo wake aupeleke wapi. Mitsue angeweza kuchelewa kidogo kuweka wino, na kwa dakika hizo Sogo angekuwa Haruma, mwenye bahati zake zote.

Nywele nyeusi zinataka subira, kwa sababu lazima uache mng'ao mwembamba juu ya kichwa na mkono usitetemeke. Mtu akikaa na kazi ya namna hiyo kwa miaka, atafikiri tu, atake asitake. Mitsue alifikiri sana kuhusu watu wa pili. Alipokuwa msichana, wa pili katika katuni za mapenzi alikuwa msichana mwenye nywele za mawimbi na baba tajiri. Alikuwa akicheka huku amefunika mdomo na kuficha viatu vya mwenzake. Akishindwa, watu walifunga jarida wakalala usingizi mnono. Baadaye wachoraji wakagundua kwamba mshindwa mwema anauza zaidi kuliko mshindwa mbaya, wakaanza kumtengeneza vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Ni yeye anayetokea na mwavuli wakati wa kwanza amechelewa. Ni yeye anayeona kwamba msichana amekata nywele. Maneno yote matamu hupewa yeye, maana hatatakiwa kuyatimiza. Haruma alisahau siku ya kuzaliwa ya Nodoka mara mbili, akahamia Hokkaido bila kuaga, akarudi na mkoba begani, na akapokewa kwa machozi ya furaha. Sogo angesahau mara moja tu, angefutwa kabla ya toleo la kumi.

"Wa pili ni yule asiyeruhusiwa kukosea," alimwambia Bwana Ogata siku moja, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa kuhusu hali ya hewa.

Ogata alikuwa mwenye duka la vifaa vya uchoraji karibu na stesheni ya Ekoda, mtu wa miaka hamsini na saba, mwenye penseli nyuma ya sikio na kidevu kipana kilichogawanyika katikati. Kila mwezi Mitsue alinunua kwake chupa mbili za wino, moja ya mistari ya Mwalimu na moja ya kichwa cha Sogo. Nje ya duka Ogata alifuga visamaki katika mitungi ya udongo, na siku za mapumziko aliendesha baiskeli hadi milima ya Chichibu na kurudi amechomwa na jua.

Miaka kumi na tisa nyuma, akiwa anafunga chupa za wino katika karatasi, Ogata alimwomba Mitsue aolewe naye. Alisema kwa sauti ile ile ambayo angetumia kusema kwamba bei ya nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino, imepanda. Mitsue alikataa. Ogata akauliza kama kuna mwanaume mwingine, Mitsue akasema hakuna, ila kuna kurasa thelathini na mbili kila mwezi. Ogata akasema ameelewa. Akaimalizia ile kazi ya kufunga wino, akaongeza nibu moja ya bure juu yake. Kesho yake Mitsue aliirudisha nibu ile, kwa sababu alihofia kuichukua ni kumpa mtu matumaini.

Kisha akamwonea huruma mwaka mzima. Huruma ilimtesa mpaka akakata shauri kumtafutia mtu, akaenda dukani kumsifia binamu yake wa Saitama, mpishi mzuri, mpole, asiye na makuu. Ogata alimsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema, bila hasira, "Bi Mitsue, mimi nilikuomba wewe. Sikuomba mke." Mitsue aliondoka dukani masikio yakimwaka moto, na hakumtaja tena yule binamu. Wino aliendelea kununua palepale. Ogata aliendelea na visamaki vyake na baiskeli yake, na kadiri miaka ilivyokwenda Mitsue alikiri moyoni kwamba hakuwahi kuona mtu aliyekataliwa akiwa mzima vile.

Basi mwezi wa pili ulifika, mwezi wa chokoleti, na hadithi ya Nodoka ilikuwa imebakiza toleo moja. Wasichana wa kule huwapelekea wanaume wanaowapenda chokoleti tarehe kumi na nne, na walio na wazimu kidogo huwapelekea pia wanaume wa kwenye karatasi, kupitia ofisi ya jarida. Kila mwaka mhariri wao, Yanase, alikuja nazo katika maboksi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mstaarabu kiasi kwamba akigonga mlango utafikiri anauomba radhi. Mwaka ule Haruma alipata boksi moja lisilojaa. Sogo alipata matatu, na la nne lilikuwa bado ofisini.

Yanase alipiga magoti kwenye mkeka, akanywa chai, akasifia maua ya plamu ya jirani, akasifia chai. Mitsue akajua kuna neno. Na kweli. Kadi za maoni ya wasomaji zilikuwa zinasema jambo moja, alieleza, kwamba Nodoka achukuliwe na Haruma, sawa, wameshakubali, lakini Sogo asiachwe peke yake. Mkuu wake wa kazi alikuwa ameliangalia jambo hilo kwa uzito. Wangeomba, kama haitakuwa usumbufu, ukurasa mmoja tu mwishoni: Sogo yuko kituo cha basi, msichana anapita, anaangusha leso, Sogo anamwokotea, wanatazamana. Wasomaji wangejimalizia wenyewe.

Hilo halikuwa jambo geni. Karibu kila hadithi ya namna ile wa pili hugawiwa mtu dakika za mwisho, rafiki ya msichana, au nesi, au binamu anayeshuka kutoka Osaka bila mizigo. Mwalimu alikubali bila kubisha. Alikuwa amechoka. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bandeji tangu vuli, na toleo hili likitoka angerudi Nagano kwa mama yake, asichore tena.

"Na Mitsue nimemtafutia mahali," Mwalimu aliongeza, akimgeukia Yanase. "Yule kijana Kujirai anahitaji mtu wa kumchorea majumba. Ataanza mwezi wa nne."

Yanase alisema ni jambo jema kweli, Kujirai ana miaka ishirini na sita tu na ana heshima. Mitsue aliinama na kushukuru. Kisha akaenda jikoni kuosha vikombe, akaviosha, na akaviosha tena, na hakujua kwa nini hataki kurudi chumbani. Alijiambia vikombe vina chokoleti.

Alijua kwa nini wiki tatu baadaye, penseli ya ukurasa wa mwisho ilipofika mezani kwake ili achore kituo cha basi. Yule msichana alikuwa amesimama hapo, mwenye nywele fupi na macho makubwa, leso imeanguka miguuni. Kwenye ukingo wa karatasi Mwalimu alikuwa ameandika: *jina, bado*. Sogo alikuwa amepiga goti kuiokota, uso ameuinua kumtazama, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba na anajua ni lazima ashukuru. Mitsue alilifahamu tabasamu lile. Alilivaa yeye mwenyewe mbele ya Yanase, wiki tatu zilizopita.

Alikasirika. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukasirika katika chumba kile hakujua hasira aiweke wapi, kwa hiyo aliiweka kazini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na Yanase angekuja kuchukua kurasa saa nane mchana. Akauweka kando ukurasa wa mwisho, akauvuta uliotangulia, ule wa kumbatio: Nodoka amefumba macho begani, na mwanaume, Haruma, amempa msomaji kisogo. Akachovya brashi. Mawazo yalikuwa kituoni, yanagombana na msichana asiye na jina, mkono nao ukaenda zake kama ulivyozoea, ukajaza, ukazunguka sikio, ukaacha mng'ao mwembamba juu ya kichwa. Alipoinua brashi, Nodoka alikuwa amekumbatiwa na Sogo.

Hakukuwa na alama ya buluu pale. Mitsue aliangalia tena, kama vile alama ingejitokeza kwa kuona aibu. Kosa la namna hii hajawahi kulifanya tangu alipokuwa mgeni. Lakini kilichomfanya akae bila kusogea si kosa. Ukurasa haukuonekana umekosewa. Nodoka alikuwa na amani ile ile, mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mtu yule yule, na hakuna hata mstari mmoja uliohitaji kurekebishwa ili miaka kumi na mmoja iwe imeishia upande wa pili. Alihisi machozi yakimlenga, akageuza uso yasije yakadondokea wino.

Mwalimu aliingia na vikombe viwili vya chai, akasimama nyuma yake. Akatazama kwa muda.

"Anapendeza," alisema.

"Nimekosea, Mwalimu. Nitamfunika na wino mweupe sasa hivi."

"Najua umekosea. Ungetaka kunichokoza usingeuacha mng'ao vizuri hivyo." Akaweka chai mezani. "Unamwonea huruma Sogo?"

"Hapana," Mitsue alisema. "Ninyi ndio mnaomwonea huruma."

Neno lilikuwa limeshatoka. Mwalimu alivuta kiti akakaa, na Mitsue, kwa kuwa sasa ameshaharibu, akaona bora aharibu moja kwa moja. Akamsogezea ukurasa wa mwisho.

"Huyu msichana ni nani?"

"Msichana wa kituoni."

"Hana jina."

"Ana ukurasa mmoja. Jina la nini?"

"Sogo amempenda mtu mwenye jina miaka kumi na mmoja. Sasa anapita yeyote, anaangusha kitambaa, na Sogo anamchukua. Basi hakuwa anampenda Nodoka. Alikuwa anatafuta mke tu."

"Wasomaji wanalia, Mitsue."

"Waache walie. Wanalia kwa sababu mtu alijua anachokitaka na hakukipata. Hilo si ugonjwa, Mwalimu, hata tumtafutie dawa. Kukosa ndiko kwake. Kwa nini tumnyang'anye na hilo?"

Mwalimu aliikanda bandeji ya mkono wake. Chini, mashine za dobi zilikuwa zinanguruma. "Miaka ishirini na sita," alisema, "hujawahi kuniambia hata kwamba chai yangu ina baridi."

"Chai yako huwa na baridi."

Mwalimu alicheka kidogo, lakini Mitsue hakucheka. Alikuwa amebakiza neno moja, na aliliogopa kuliko yote.

"Na kwa Kujirai siendi."

Kicheko cha Mwalimu kikakatika. Alisema alimtafutia mahali pale kwa nia njema, alipiga simu tatu, alimsifia mpaka kijana wa watu akaogopa.

"Najua, Hinako," Mitsue alisema, na jina lile lilitoka lenyewe, baada ya robo karne ya kukaa kimya. "Umenifanyia wema. Ndiyo maana inaniuma. Kujirai ndiye msichana wangu wa kituoni."

Hinako Tsukuda hakuwa mtu wa kulia na hakulia. Alitazama mikono yake, kisha akasema polepole kwamba kila mwaka, siku ya mwaka mpya, alikuwa akijiambia huu ndio mwaka ambao Mitsue ataaga, ataenda kuchora ya kwake. Na kila mwaka Mitsue alipovua viatu mlangoni asubuhi ya kwanza ya kazi, alifurahi. "Nilitakiwa nikufukuze," alisema. "Nilijua hivyo. Nikafurahi badala yake, na sasa naondoka, nikaona nisikuache mikono mitupu. Nilitaka nilale usingizi, basi."

Mitsue angeweza kumlaumu, na sehemu fulani ya moyo wake ilitaka sana. Lakini alijijua. Hakuna aliyemfungia mlango. Ni mstari ule mmoja wa chini ya ukurasa, *watu wake bado*, uliomfungia, na yeye mwenyewe aliurudia kila asubuhi kama mtu anayekunywa dawa. Alimwambia hivyo. Kisha, kwa kuwa hakuna kingine cha kusema na saa zilikuwa zinakwenda, alichukua wino mweupe akaanza kumrudisha Haruma. Ilimchukua dakika ishirini, na weusi uliendelea kuchungulia chini kwa chini, ukataka kupakwa mara ya tatu.

Alipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa ameshamfuta yule msichana na leso yake. Hakuuliza zaidi, alifuta tu, kwa mkono wa kushoto. Pakabaki kituo kisicho na mtu ila Sogo, naye amepiga goti, akilitazama kwa shukrani pengo lililo mbele yake. Ilikuwa kichekesho. Mtu anayeitazama hewa namna ile angefungiwa hospitali. Ilibidi asimamishwe, achorwe upya mwili na uso, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu.

Mwalimu alikata kipande cha karatasi, akakibandika juu ya Sogo wa zamani, aliyekwisha kupitishiwa wino. Akachora kwa penseli mistari michache ya mwili uliosimama, kwa maumivu, bandeji ikimzuia. Akafika shingoni, akaacha. Kisha akaisukuma nibu yake upande wa pili wa meza, ile yenye mpini uliolika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Uso chora wewe."

"Haifai, Mwalimu."

"Yanase anakuja saa nane. Mkono wangu huu hauchori jicho leo, na kesho hakuna toleo."

Mitsue alijaribu kwanza kwenye karatasi za takataka. Mara ya kwanza mkono wake ulimtoa Sogo na chozi na tabasamu, kama wanavyotolewa washindwa wote, maana ndivyo alivyowaona wakichorwa tangu utoto. Akaikunja. Mara ya pili akamtoa na uso wa shujaa anayetazama mbali. Akaikunja nayo. Akakaa ametulia, akajiuliza aliyekosa anafananaje hasa, siku ya Jumanne, baada ya miaka. Na alimjua mmoja. Anatafuta nibu kwenye droo, nyusi juu, anaguna. Anahesabu visamaki. Ana njaa kidogo.

Alimchora Sogo akisoma ratiba ya mabasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Nyusi juu, mdomo umebanwa kidogo, kama mtu anayepima kama ana muda wa kununua kiazi cha kuchoma kabla basi halijafika. Kidevu kikatoka kipana na kimegawanyika katikati. Alikiona, akashusha pumzi, hakukifuta. Nywele akazijaza mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza ambapo hata asingezijaza, hakuna ambaye angemdhania Haruma.

Yanase alifika saa nane kamili, akaomba radhi kwa kufika saa nane kamili. Alipokea kurasa kwa mikono miwili, akazipitia moja moja, akafika ya mwisho, akaipindua kuangalia nyuma.

"Mwalimu, yule msichana...?"

"Amepanda basi lililotangulia," Mwalimu alisema.

Yanase alitazama saa yake. Kiwanda cha uchapaji hakimsubiri mtu. Aliinama mara tatu, ya tatu kwa huzuni, akashuka ngazi na bahasha yake.

Toleo lilipotoka kadi zilikuja kwa mamia, na nyingi zilikuwa za matusi ya adabu. Sogo kaachwa, Sogo kaonewa, Mwalimu hana moyo. Wengine waliuliza nani kamchora vibaya hivi. Mwalimu alizisoma huku akifunga mizigo ya Nagano, na kila iliyouliza hivyo alimpa Mitsue, na Mitsue alizisoma zote, zikamchoma zote. Kulikuwa na moja kutoka Akita, ya yule aliyewahi kutuma mchele, siku hizi mama wa watoto wawili. Aliandika mistari miwili. *Amenenepa kidogo. Nimefurahi.* Mitsue aliiomba kadi ile, akaiweka ndani ya kitabu chake cha simu.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nne, Mwalimu akiwa ameshaondoka na chumba cha juu ya dobi kimebaki na alama za miguu ya meza kwenye mikeka, Mitsue alikwenda Ekoda. Ogata alikuwa nje, anawamwagia maji visamaki. Akafuta mikono, akaingia nyuma ya kaunta, akanyoosha mkono rafuni kabla hajaambiwa.

"Mbili?"

"Moja," Mitsue alisema. "Na karatasi za kuchorea, bunda zima. Ni zangu."

Ogata alisimama na chupa mkononi. Hakusema pongezi, hakuuliza ni hadithi gani. Alishusha bunda, akalipangusa vumbi. Pembeni ya mashine ya hesabu lilikuwepo jarida, limefunguliwa kifudifudi, na Mitsue aliona jalada lake akajua ni ukurasa upi uliolala juu ya kaunta. Alitamani aage haraka.

"Nimesoma mwisho wake," Ogata alisema. Akajipapasa kidevu. "Hiki nakifahamu."

Mitsue alihisi uso unawaka kama siku ile ya binamu wa Saitama. Alianza kuomba radhi, Ogata akamzuia kwa kidole.

"Swali moja tu. Kwa hiyo mimi ndiye wa pili?"

Mitsue alifikiri. Alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo kwa miaka, ila hakuwahi kuulizwa.

"Pale kituoni hakuna wa pili," alisema. "Yuko peke yake."

Ogata akaitikia kwa kichwa, na safari hii haikuwa kama mtu aliyeulizwa hali ya hewa. Aliifunga chupa katika karatasi, kona kwa kona, akafungua droo akatafuta kwa muda, nyusi juu, na akaweka juu ya bunda nibu moja ambayo hakuna aliyeiomba. Mitsue aliitia mfukoni akaenda nayo nyumbani, na kesho yake hakuirudisha.